Fundi Nyuma ya Ukuta wa Jiko

Asubuhi ile mume wangu aliamka mdomo umekwenda upande. Nilimpa chai, chai ikamwagikia kifuani, akaniangalia kama mimi ndiye niliyemmwagia. Nikamwambia, "Inua mkono." Akainua wa kushoto. Nikamwambia, "Na huo mwingine." Akautazama mkono wake wa kulia, umelala juu ya blanketi kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau pale kitandani.

Niliishia darasa la nne, lakini ugonjwa ule naujua. Ulimkuta dada yangu. Tulimkalisha nyumbani siku mbili tukimkanda kwa maji ya moto, na tulipomfikisha hospitali daktari alitugombeza mbele ya watu, akasema ugonjwa huu unataka mbio, kila saa inayopita inakula kitu kichwani mwa mtu. Kwa hiyo asubuhi ile sikukanda. Nilijua la kufanya: mzee awe Tukuyu mjini mapema, basi.

Gari tulikuwa nalo. Dogo, jeupe, la petroli, la zamani kuliko wanangu wawili wa mwisho. Mume wangu alilinunua wakati majani ya chai yanalipa, na tangu siku hiyo nilikuwa mke mwenye gari. Wenzangu wa Masukulu walikwenda sokoni na mkungu kichwani, mimi nilikwenda nimekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, kioo nimekishusha ili wanione. Nasema ukweli. Nilikishusha hata mvua ikinyesha.

Kuendesha sijui. Nilimwita jirani yetu, mzee mwenzetu ambaye zamani aliendesha gari la kanisa. Usukani anaujua. Boneti akilifungua anaona kama mnavyoona tumbo la ng'ombe likipasuliwa: vitu vingi, na hujui kipi ni kipi. Tulimbeba mume wangu wawili, mimi miguuni, yeye mabegani, tukamkalisha kiti cha mbele, tukamzungushia blanketi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na ukungu ulikuwa umelala uwanjani hata migomba ya karibu huioni vizuri. Bodaboda kwa mtu aliyelegea upande mmoja, kwenye utelezi ule, ni kumwua njiani. Jirani mwingine mwenye gari alikuwa amekwenda nalo harusini Kyela tangu juzi. Lilikuwa letu tu.

Jirani akawasha swichi, akapiga staata. Gari likazunguka, likazunguka, halikushika. Akapiga tena. Likazunguka vilevile.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya jiko.

"Mama, asikanyage mafuta! Linameza petroli bure!"

Alikuwa mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa mwisho. Nyumba yao iko chini ya migomba yetu. Mwanangu alikuwa Mbeya kwa kazi, yeye amesikia gari linalia asubuhi mapema akajua kuna jambo, akapanda mbio. Lakini alipofika jikoni alisimama. Alisimama nyuma ya ukuta kwa sababu baba mkwe wake alikuwa uwanjani, na mimi ndiye niliyemfundisha kusimama pale.

Hapa nieleze, maana vijana hawajui na wageni hawajui. Kwetu Wanyakyusa, tangu zamani, mkamwana hamkaribii baba mkwe wake. Hamwangalii usoni, hasemi naye, hakai alipokaa. Wakikutana njiani, mwanamke anaacha njia. Ni heshima, na ni hofu pia, na ukitaka kutenganisha hivyo viwili hutaweza. Siku hizi wengi wameacha. Wanakula meza moja na wakwe zao wakicheka. Mimi sikuacha. Mimi nilipoolewa niliwahi kukaa migombani mchana mzima na mtoto mgongoni, mvua inatunyeshea, kwa sababu baba mkwe wangu alikuwa ameketi mlangoni akichonga mpini, na hakuna aliyemwambia nataka kupita. Mtoto akakohoa wiki mbili. Mama mkwe wangu akanisifu mbele ya wanawake wote. Sifa ile niliila miaka mingi.

Basi huyu binti alipoletwa, nikamwekea sheria. Amezaliwa Ibighi, pale Tukuyu mjini, baba yake fundi wa magari, amekulia kwenye gereji akimshikia baba yake spana, akaja kwangu anavaa suruali. Nikamwambia suruali basi, na baba mkwe wako basi. Alicheka kwanza. Baadaye akaacha kucheka, akatii. Alipita njia ya nyuma miaka minne. Wanawake wa kanisani waliniambia, "Wewe umebaki peke yako, mkamwana wako ana adabu ya zamani." Nikaenda nyumbani nimenona.

Mume wangu mwenyewe alichoka mapema. Mara mbili aliniambia, "Mwache huyo mtoto aje anisalimie. Mimi simla." Nikamjibu kwamba mambo ya wanawake hayajui.

Sasa yuko nyuma ya ukuta, hatua kumi na mbili kutoka kwenye gari, baadaye nilizihesabu.

"Betri haina shida, mama," akasema. "Sikia linavyozunguka kwa nguvu. Betri mbovu ingelia taratibu, au ingegonga tu ka-ka-ka. Harufu ya petroli ipo?"

Nikanusa. "Ipo. Kali."

"Basi mafuta yanafika. Linakosa moto. Ni huu unyevu."

Jirani akatoa kichwa dirishani. "Tulisukume?"

"Baba, kusukuma ni kwa gari ambalo staata haina nguvu. Hilo linazunguka vizuri. Mtalisukuma mpaka Kisiba na halitawaka."

Jirani akaniangalia. "Leo fundi wetu ni ukuta," akasema. "Nao unajua kuliko mimi."

Nilimjibu vibaya, sitaandika nilivyomjibu.

Akatuambia tuangalie cheche. Nichomoe waya moja ya plagi, moja tu, niichomeke kwenye plagi ya akiba iliyo kwenye boksi la spana, plagi niiegemeze kwenye chuma cha injini, jirani apige staata. Nilifanya. Plagi ikakaa kimya, nyeusi, kama jino bovu. Wala cheche wala nini.

"Hakuna," nikapiga kelele.

"Umeigusisha vizuri kwenye chuma?"

"Nimesema hakuna! Unadhani mimi kipofu?"

"Sawa mama, pole. Rudisha hiyo waya ulipoitoa. Sasa tazama kuna kifuniko cheusi, zinapotoka zile waya nene zote. Kina vibanio viwili vya chuma pembeni. Fungua vibanio, inua kifuniko, ufute ndani kwa kitambaa kikavu. Waya usizichomoe. Mama, umenisikia? Waya usizichomoe."

Nilimsikia.

Mume wangu alikuwa ananiangalia kupitia kioo cha mbele. Boneti lilikuwa wazi, lakini kuna mwanya chini yake, na katika mwanya ule niliona jicho lake moja, lile zima. Kibanio kimoja kilifunguka, cha pili kilikuwa upande wa nyuma, waya zimekizuia, sikioni. Nikavuta waya. Ikatoka moja. Nyingine ikanizuia, nikaitoa nayo. Nikajisemea, waya ni waya, nitazirudisha. Nikazitoa zote, za plagi nne na ile ya katikati. Kibanio kikafunguka. Ndani ya kifuniko kulikuwa na majimaji kama jasho la sufuria. Nikafuta kwa kanga, nikakausha kabisa, nikajiona fundi. Nikazirudisha waya, kila moja tundu lake, kama nilivyoona inafaa.

"Piga!" nikamwambia jirani.

Likapiga kweli. Likapiga mlio kama bunduki, moshi ukatokea juu kwenye kabureta, kuku wakakimbilia migombani. Mume wangu akaruka kitini nusu mwili. Nusu nyingine ilibaki.

"Mama!" Sauti ya ukutani ilibadilika. "Umechomoa waya?"

Nikazisukuma waya zikae ndani zaidi.

"Mama, umechomoa waya zote?"

"Nimezirudisha."

"Zina mpangilio! Kila moja na zamu yake. Zikikosea, moto unakwenda silinda ambayo si zamu yake. Sasa siwezi kukuelekeza kwa mdomo, mpaka nione kwa macho. Niache nije. Robo saa tu, mama, nitazipanga."

"Gwe," nikamwambia kwa Kinyakyusa, wewe, "baki hapo."

"Mama, baba anaumwa!"

"Nimekwambia baki hapo. Nitazipanga mwenyewe."

Nilizipanga mwenyewe. Waya nne, mnajua zinaweza kupangwa mara ngapi? Mimi sijui. Najua nilijaribu nyingi. Kila mara jirani anapiga staata, kila mara gari linakohoa au linanyamaza au linapasuka. Jirani akaanza kusema, "Mama, mwache binti." Nikamwambia afuate usukani wake. Ukungu ulianza kuinuka, nikaanza kuona migomba, na nilijua maana yake. Jua lilikuwa linapanda.

Kanga ninazo zaidi ya kumi. Ningeweza kuchukua moja nikaitundika kwenye kioo cha mbele, mkamwana akaja akafanya kazi yake bila kumwona wala kuonwa. Mama mkwe wangu angekuwepo angefanya hivyo bila kufikiri; watu wa zamani niliojifanya nawaiga walijua kupitisha mambo. Sikuliwaza hilo. Nililiwaza wiki iliyofuata, nikiwa nafua.

Kisha mume wangu akasema. Kioo cha upande wake kilikuwa kimeshuka kidogo. Maneno yalitoka mazito, yameshikana, kama mtu anayesema na chakula mdomoni.

"Mwa… che. A… je."

Jirani alisikia. Aligeuka akaniangalia, akasubiri. Na mimi nikasema, "Anaomba maji."

Nilisema hivyo. Nikaingia ndani nikaleta maji kwenye kikombe, nikamnywesha, na maji hayakuwa yanataka kushuka. Aliniangalia muda wote kwa jicho lile. Yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye kueleweka, na mimi niliyageuza kuwa maji.

Nilipogeuka na kikombe mkononi, mkamwana alikuwa kwenye gari.

Hakuniomba. Alikuja amefunga kitenge kiunoni, nywele hazijafunikwa, akapita mbele ya baba mkwe wake macho yamenyooka, akasema, "Baba, shikamoo. Nisamehe." Mume wangu akainua mkono mzima kidogo.

"Rudi!" nikamwambia.

"Mama, nipe spana ya plagi."

"Unataka watu waseme nini?"

"Waseme. Nipe spana."

Jirani ndiye aliyempa. Mimi nilibaki na kikombe.

Alifungua plagi zote nne, zimelowa petroli, akanipa mkononi. "Ziweke kwenye makaa jikoni, zikauke. Usiziache zikawa nyekundu." Akaziba tundu la kwanza kwa kidole gumba, akamwambia jirani apige staata kidogo kidogo, kidogo tena, mpaka hewa ikamsukuma kidole. "Hapo! Acha!" Akafungua kile kifuniko, akatazama kile kijiti cha ndani kimeelekea wapi. "Hii ndiyo namba moja," akasema, akachomeka waya pale. Halafu akazifuata nyingine akihesabu kwa sauti ndogo kama mtu anayesali, "Moja, tatu, nne, mbili." Nilileta plagi kwa koleo. Akazifunga zikiwa za moto, akipuliza vidole. Akafuta tena kifuniko kwa pindo la kitenge, kwa sababu kanga yangu niliyofutia ilikuwa imeloa ukungu nami sikuona. "Sasa, baba," akamwambia jirani. "Usikanyage mafuta hata kidogo."

Gari liliwaka mara ya kwanza. Lilitetemeka kidogo, likatulia.

Robo saa. Alivyosema ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwa nimelala kwenye waya zile zaidi ya saa nzima.

Njiani alikaa nyuma ya kiti cha baba mkwe wake, akapitisha mikono pande zote mbili, akamshika kichwa kisigonge kioo, kwa maana barabara ilikuwa mashimo matupu na shingo ya mzee haikuwa na nguvu. Alimshika hivyo mpaka Tukuyu. Mimi nilikaa pembeni yake mkoba mapajani. Kioo sikukishusha.

Hospitali walitupokea vizuri, sina la kulaumu. Daktari aliuliza, "Ilianza saa ngapi?" Nikamwambia. Akaangalia saa yake. "Mbona mmechelewa hivi? Masukulu si mbali."

Nikasema, "Gari lilikataa kuwaka."

Mkamwana alikuwa amesimama karibu yangu, vidole vyeusi kwa oili, vimeungua. Aliangalia sakafu. Angeweza kusema. Jirani naye alikuwepo. Hakuna aliyesema, na daktari akaandika kwenye karatasi yake.

Mume wangu hakufa. Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, upande mmoja umekauka, na ulimi haukurudi. Wanangu wote wakaja. Mkubwa alipiga gari teke mlangoni, akasema takataka hii ndiyo iliyommaliza baba, kesho naita wanunuzi wa vyuma chakavu. Wakalivuta kweli. Nililiangalia likiondoka uwanjani na sikufungua mdomo.

Hilo bado dogo. Kubwa ni maneno ya wanawake. Jambo la barabarani halifichiki. Watu walimwona mkamwana amemkumbatia baba mkwe wake kichwa kupitia kioo cha gari. Wakaunganisha. Wakasema mzee alipoteza ulimi kwa sababu mkamwana alimgusa, mwiko umevunjwa, na mwiko una malipo. Walisema hivyo kwangu, jikoni kwangu, wamekuja kutupa pole, tunamenya ndizi. Mmoja aliniambia, "Na wewe ulivyomlea kwa adabu! Kweli damu ya mjini haifundishiki." Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Nilimenya ndizi. Niliwaacha waseme.

Yeye aliyasikia. Watoto wanaokuja kuchota maji kwake waliacha kuja. Siku moja nilishuka kwake nikamkuta anapepeta mchele, nikasimama mlangoni, nikamwambia, "Nitawaambia ilivyokuwa."

Hakuinua kichwa. "Utawaambia lini, mama?"

"Nitawaambia."

"Mwezi wa nne huu unasema hivyo." Akapuliza pumba. "Kaa basi, usisimame mlangoni. Kiti hicho."

Sikukaa.

Basi nawaambia sasa. Gari lile halikuwa takataka. Lilikuwa limelowa unyevu ndani ya kifuniko kimoja cheusi, jambo la kufuta kwa kitambaa kikavu, na fundi alikuwa hatua kumi na mbili tangu mwanzo. Aliyechomoa waya ni mimi. Aliyemzuia fundi ni mimi. Mzee alimwita kwa mdomo wake, na aliyesema anaomba maji ni mimi. Mkamwana hakuvunja kitu, alikuta kimeshavunjwa. Anayetaka kumsema aanzie kwangu, na aje anisemee mbele, nyumba yangu anaijua.

Siku hizi anapita mlango wa mbele. Anakuja asubuhi na jioni kumlisha baba mkwe wake uji, kwa sababu mimi nimeshindwa. Uji napika mimi, mlaini, wenye maziwa, kama alivyoupenda siku zote. Nikikaa kitandani nikainua kijiko, mume wangu anafunga mdomo. Anaufunga kabisa, hata ule upande uliolegea anaulazimisha ufungike, na lile jicho linanitazama. Namwambia, "Kula, baba." Hafungui. Nampa mkamwana bakuli, naondoka, nasimama nje ya dirisha, na kutoka hapo nasikia kijiko kinagonga bakuli, kinagonga, mpaka uji unakwisha.